Ukuta Uliolipwa kwa Makosa

Mimi si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Na safari hii, kusema ule ukweli, sikuambiwa hata mara moja, ndiyo maana tukafika tulikofika.

Nafanya kazi kwenye dobi. Usifikirie ile dobi ya beseni na kamba ya kuanikia. Yetu ni jengo zima, lina mashine za kufulia ambazo mtu mzima akiinama anaingia, lina mashine ya kukaushia inayounguruma kutwa kama inagombana na mtu, na lina meza ndefu za pasi. Tunafulia hospitali, tunafulia hoteli mbili na ukumbi mmoja wa harusi. Mashuka, mataulo, vitambaa vya meza, vyote vinaingia asubuhi havitamaniki, na jioni vinatakiwa virudi kwa wenyewe vimenyooka. Mimi nilikuwa mpiga pasi. Nimepiga pasi miaka mingi mpaka mkono wangu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto, na mume wangu, ambaye ni kinyozi na mikono yake laini kama ya mtoto, huwa anasema siku akiniudhi anakaa upande wa kushoto.

Mwenye dobi tunamwita Mzee Kimya. Si mtu mbaya, la. Ni mtu ambaye maneno yake yote sijui aliyaweka wapi. Asubuhi anaingia, anainamisha kichwa kidogo, anapanda ngazi kwenda ofisini kwake juu, kule kwenye dirisha la kioo linalotuangalia. Jioni anashuka, anainamisha kichwa, anaondoka. Ukimsalimia anaitikia kwa nyusi. Sasa mtu kama huyo anaendeshaje watu? Anawaendesha kwa karatasi ya mshahara. Pale kwetu hakuna anayeitwa akaambiwa kitu. Unasubiri mwisho wa mwezi, unafungua bahasha, unajua hali yako. Dereva alipoikwaruza gari kwenye geti hakugombezwa na mtu, alikuta tu makato ya rangi. Mama Povu, yule wa mashine za kufulia, alikuwa kibarua tangu enzi na enzi, na siku alipokuta amekatwa pesa ya uzeeni alipiga vigelegele, maana kibarua hakatwi; ndivyo alivyojua ameajiriwa. Hata chai ya saa nne ilikufa hivyo hivyo. Hatukuambiwa imefutwa, tulikuta tu tumeanza kuilipia.

Juu yetu alikuwepo msimamizi, mama mmoja mtu mzima tuliyemwita Bi Filimbi, kwa sababu zile mashine hazimruhusu mtu kusikika na yeye aliziweza kwa kupuliza filimbi. Bi Filimbi akaondoka kwenda kuishi kwa mwanawe. Akatundika filimbi yake kwenye msumari, akatuaga, akalia kidogo, akaenda zake. Tukangoja tuone ataletwa nani. Hakuletwa mtu.

Mwisho wa mwezi nikafungua bahasha, nikaona mshahara si wangu. Nikaangalia jina: langu. Nikaangalia tena mshahara: wa Bi Filimbi, maana pale mshahara wa kila mtu unajulikana hata na paka wa stoo. Nikaenda nayo chooni nikaisome vizuri, kwa kuwa chooni ndiko mtu anakoweza kushangaa bila kuangaliwa. Nilipotoka nikamwonyesha Mama Povu. Akafuta mikono, akasoma, akanitazama juu mpaka chini.

"Basi ndiyo wewe," akasema, akarudi kwenye mashine zake.

Hiyo ndiyo sherehe niliyofanyiwa. Nikaichomoa filimbi kwenye msumari, nikaifuta kwa upindo wa gauni, nikapuliza. Watu wote wakageuka, wakaona ni mimi, wakaendelea na kazi. Hakuna aliyeuliza swali, na kwa nini aulize? Kila mmoja alishajifunza ya kwake kwa njia hiyo hiyo.

Na nilisimamia, jamani. Sikukalia kiti nikanenepa. Bi Filimbi, tusimseme vibaya, kila kitu alikiweka kichwani: shuka hili la nani, kitambaa kile cha wapi. Alipoondoka, kichwa chake aliondoka nacho. Mimi nikaanzisha tepe. Nilikata matambara nyumbani, nikaleta rangi: kijani hospitali, buluu hoteli ya barabarani, njano hoteli ya pili, nyekundu ukumbi. Kila mzigo ukiingia unafungwa utepe wake, na utepe haufunguliwi mpaka mzigo ufike kwa mwenyewe. Asubuhi namgawia dereva njia, jioni nakagua mifuko kabla haijapanda gari. Nikampiga marufuku yule bwana kulalia mashuka safi saa za mchana. Aliyechelewa nilimsema, aliyeumwa nilimrudisha kwao nikasimama kwenye meza yake mwenyewe. Niligombana na kila mtu pale kwa zamu, na kwa zamu nikapatana nao. Kule juu dirishani Mzee Kimya alikuwa akitutazama, anainamisha kichwa, anarudi kukaa. Mimi nikajua kapendezwa na mtu wake.

Sasa njoo nyumbani, maana kiini cha habari hii kiko nyumbani.

Binti yetu ameolewa, yuko kwake. Tumebaki mimi, mume wangu na mama yake. Wakati ule tulikaa chumba kimoja, na katikati tulitundika pazia la maua ya zambarau: huku sisi, kule mama mkwe. Na mama mkwe wangu, Mungu ampe umri, anakoroma. Anakoroma mpaka pazia linapepea. Asipokoroma anasema, na akisema ananisema mimi: natembea kwa kishindo, nafunga milango kama nafukuza mwizi, naamrisha hata chai ichemke haraka. Ukigeuka kitandani upande huu, upande ule kunakohoa mtu. Unielewe hapo, sizungumzii starehe, nazungumzia ndoa.

Kwa hiyo mshahara ulipopanda sikununua kochi wala simu ya kutelezesha kidole. Nilinunua ukuta. Tulihamia nyumba ya mtaa wa nyuma, vyumba viwili, na katikati ukuta wa mbao uliopakwa rangi nyeupe. Mama mkwe akapata chumba chake, kitanda chake, mlango wake. Siku tuliyohamia nilifunga mlango wa chumba chetu, nikakaa kitandani, nikawa nautazama ule ukuta kama mtu anayetazama televisheni. Mume wangu akaniuliza nalia nini. Nikamwambia aniache, nimefurahi.

Mtaani waliniita msimamizi. Kwa kinyozi, wateja walimuuliza mume wangu, msimamizi hajambo? Mama mkwe peke yake ndiye aliyeendelea kuniita mke wa mwanangu, kama vile hakuna kilichotokea duniani. Siku moja, tunachambua mchele, akaniuliza ni nani hasa aliyeniambia nimepandishwa cheo. Nikamwambia ni mshahara.

"Mshahara hauna mdomo," akasema. "Mtu akikutaka, atasema."

Nikajisemea moyoni, huyu ana wivu, nikaendelea na mchele wangu.

Basi tukaishi hivyo, mimi na ukuta wangu, mpaka alipokuja mkaguzi wa mahesabu kutoka nje. Alikaa juu ofisini siku kadhaa, akanywa chai nyingi ya bure, akaondoka. Baada ya hapo nikaletewa bahasha, na ilikuwa katikati ya mwezi. Bahasha ya katikati ya mwezi haijawahi kuonekana pale. Mama Povu alipoiona akaniziba mdomo kwa mkono wake kabla hata sijaifungua, asije mtu akasikia nitakachosema.

Na alikuwa na haki. Barua ilisema nimekuwa nikilipwa zaidi ya stahili yangu kwa makosa. Ilisema nimepokea fedha zisizo zangu. Ilisema nazirejesha zote, ama kwa mkupuo ama kwa kukatwa nusu ya mshahara kila mwezi, na mshahara wenyewe unarudi kuwa ule wa mpiga pasi. Nikapiga hesabu kwa vidole. Deni lingekwisha nikiwa na umri wa mama mkwe, na nusu ya mshahara wa mpiga pasi inapanga chumba kimoja, tena kidogo. Niliiona ile nyumba ikifunga milango yake. Nililiona pazia.

Nikapanda ngazi, sijui hata kama nilikanyaga zote.

Mhasibu wetu ni kijana wa tai, mpole, mtu wa kumwomba nzi radhi kabla ya kumfukuza. Alinipa kiti. Alinieleza kila kitu bila kuficha, masikini. Alipofuta jina la Bi Filimbi kwenye kompyuta, majina yote ya chini yalipanda hatua moja, mishahara ikabaki ilipo. Jina langu ndilo lililofuata, kwa hiyo likaenda kukalia mshahara wa Bi Filimbi. Mimi na wote walio chini yangu, wafuaji na wapiga pasi, tunalipwa sawa, hivyo hata waliposogea hakuna aliyejua kasogea. Mshahara wa mwisho kabisa ulibaki hauna mtu. Aliniomba msamaha mpaka nikaona atalia, na mimi ndiye mwenye deni.

Nikamuuliza, kama mimi si msimamizi, msimamizi ni nani? Akasema hakuna. Mzee aliangalia pale dirishani, akaona kazi inakwenda vizuri kuliko hata zamani, akaona haina haja ya kuajiri mtu. Dobi inajiendesha yenyewe. Alikuwa amefurahi sana, kwa mujibu wa mhasibu, kuokoa ule mshahara.

Inajiendesha yenyewe! Damu ilinipanda kutoka kwenye nyayo.

"Mwanangu," nikamwambia, "zile tepe anafunga nani? Dereva anapangiwa njia na malaika?"

"Lakini mama, hakuna aliyekuambia ufanye hayo."

"Hapa nani amewahi kuambiwa kitu?"

Akaishika tai yake kama anatafuta jibu humo ndani. Mlango wa Mzee Kimya ulikuwa wazi nusu, na najua alikuwepo kwa sababu kiti chake kililia mara moja kikanyamaza. Sikumsubiri. Nikaivua filimbi shingoni, nikaiweka mezani kwa mhasibu, na ufunguo wa stoo juu yake. Nikamwambia kama cheo hakikuwa changu, basi na kazi haikuwa yangu. Pesa yao watakata, hilo siwezi kulizuia. Kazi yao nimewarudishia, iko pale mezani, waihesabu wasije wakasema imepungua.

Jioni hiyo mdomo wangu haukuwa na breki. Mume wangu alikaa na sahani yake mapajani, chakula kikapoa, kikaganda, na mimi sijafika hata katikati. Nilimsema Mzee Kimya na nyusi zake. Nilimsema mkaguzi. Halafu nikafika kwenye lenyewe lililokuwa linaniuma. Nilisema bora nikalale dobi juu ya mashuka ya wagonjwa kuliko kurudi kwenye lile pazia. Nilisema nikianza tena kulala na yale makoromo masikioni nitapasuka, na watanikuta vipande vipande. Nilisema mtu ameolewa na mwanamume mmoja, si na ukoo. Mume wangu alinyanyua mkono taratibu, akaniomba niteremshe sauti.

"Siteremshi," nikamwambia. "Kuna ukuta."

Asubuhi mama mkwe alikuwa mkimya. Nilipita mbele yake kwa kishindo changu kile kile, hakusema kitu. Nikashukuru kwamba angalau siku hiyo nimepumzishwa.

Kazini nilipiga pasi. Na ieleweke vizuri, kwa sababu kuna watu walisema mengi: sikuharibu kitu, sikuficha kitu, sikumfundisha mtu ubaya. Nilipiga pasi na mdomo nimefunga, basi. Aliyekuja kuniuliza hili liende wapi nilimwonyesha ngazi kwa kidevu. Wengine walipanda kweli, wakamkuta mhasibu ameikodolea macho ile filimbi kama imemtagia yai mezani. Mama Povu akaja kuniambia tepe zimekwisha. Nikamwambia mimi mpiga pasi. Akasonya, akaondoka. Lakini najua hakunisonya mimi. Dereva, alipoona hakuna wa kumpangia, akapakia mifuko kwa mtindo wake: ile iliyo karibu na mlango kwanza. Halafu akalala juu yake.

Siku mbili tatu hakuna kilichotokea, nikaanza kuogopa. Nilijiuliza, je, kama kweli inajiendesha yenyewe? Hilo lilinikosesha raha kuliko hata deni. Mtu unaweza kuitwa mdaiwa ukavumilia, ila kuambiwa miezi yote ile ulikuwa unapuliza filimbi ya bure, mbele ya watu waliokuwa wakijua la kufanya bila wewe, hapo lazima uinamishe uso kwenye shuka.

Ikaja Jumamosi, siku ya harusi ukumbini. Na Jumatatu akaja mwenye ukumbi.

Alianza kupiga kelele akiwa bado yuko getini. Mama Povu, kwa heshima, akazima mashine zote ili tusikie vizuri. Kumbe vitambaa vya meza vya ukumbi vilikwenda hospitali. Huko wagonjwa walifunikwa lesi, wala hawakulalamika. Mmoja aliruhusiwa kwenda nyumbani akasema anajisikia vibaya tena. Ukumbini wakapelekewa mashuka. Wahudumu walifika wamechelewa, wakatandika harakaharaka bila kuangalia. Na kwenye meza kuu, mbele ya bwana harusi na bibi harusi, lilitandikwa shuka lenye muhuri mkubwa mweusi, umewaelekea wageni wote: WODI YA WAZAZI.

Mama wa bwana harusi akadhani upande wa bibi harusi wanatangaza jambo. Mama wa bibi harusi akadhani upande wa bwana harusi wamepiga fumbo. Wageni wakaanza kuhesabu miezi kwa vidole, wengine chini ya meza, wengine waziwazi. Mpaka keki inafika, wazee wa pande mbili walikuwa nje wanashikwa wasishikane, shangazi mmoja ameshavua viatu, na bibi harusi analia. Analia kwa hasira au kwa sababu nyingine, mwenye ukumbi alisema hayo si yake. La kwake ni kwamba hajalipwa, na hatalipwa, na yeye naye hatamlipa mtu.

Hapo ndipo Mzee Kimya aliposhuka. Katikati ya mchana, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Alishuka ngazi moja moja, mhasibu nyuma yake, akapita mbele ya mwenye ukumbi kama hamwoni, akaja kusimama kwenye meza yangu. Mkononi alikuwa na filimbi. Akaiweka taratibu kando ya pasi, na ufunguo juu yake, akainamisha kichwa.

Zamani ningeichukua na kushukuru. Lakini nilikumbuka mchele, nikamkumbuka mama mkwe, maneno yake yakanijia bila kuitwa. Nikaiacha filimbi ilipo.

"Sema," nikamwambia.

Mashine zote kimya. Watu wote macho. Alitazama dari, akatazama viatu vyake, akamtazama mhasibu kama mtu anayeomba kukopeshwa neno. Nikaona jasho linamtoka, wala pasi haikuwa upande wake.

"Puliza," akasema.

Neno moja. Na ana sauti nzuri, kumbe, sauti nzito ya kuvutia. Mama Povu alisema angejua angekuwa anamsalimia kila siku kwa bidii zaidi. Nikamwambia barua kwanza. Akamgeukia mhasibu, akamwashiria kwa mkono kama mtu anayerarua kitu, na yule kijana akaichana nakala aliyokuwa nayo vipande vidogovidogo, kwa furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Ndipo nikapuliza. Dereva aliamka kule garini akagonga kichwa.

Lakini nyumbani sikusema. Unaweza ukaniuliza kwa nini, na jibu ni kwamba nilishaungua. Nilishawahi kufurahi kwa karatasi, nikajenga ukuta juu yake. Sikutaka kufurahi tena kwa filimbi. Nilitaka nione mwisho wa mwezi kwanza. Mume wangu akawa ananipitia mbali, akidhani bado nina hasira. Mama mkwe akaendelea na kimya chake. Mimi nikawa nangoja bahasha.

Bahasha ikaja. Mshahara wa msimamizi, makato hakuna, na pembeni ya jina langu, kwa mara ya kwanza, cheo kimeandikwa. Nilitoka pale mbio, mwanamke wa umri wangu, karatasi mkononi, watu wananipisha njia wakidhani kuna msiba.

Mlango wa mama mkwe ulikuwa wazi. Kitanda kimetandikwa mpaka kinang'aa. Juu yake mzigo, umefungwa kwa lile pazia la maua ya zambarau, na yeye kakaa kando yake amevaa viatu vya kutokea. Nikamuuliza safari ya wapi. Akasema anakwenda kukaa kwa mwanawe mdogo. Shemeji yangu ana chumba kimoja, na watoto wake ni wengi kiasi kwamba huwahesabu wakiwa wamelala, wakiwa macho hawahesabiki. Nikamwambia kule hakuna hata pa kuweka kiti. Akasema hana haja ya kiti. Akasema tukirudi kwenye chumba kimoja tutakuwa wawili tu, hatutahitaji pazia, ndiyo maana amelichukua.

Nikamuuliza nani kamwambia tunarudi kwenye chumba kimoja.

"Ukuta wenu ni wa mbao, mke wa mwanangu," akasema. "Mimi sikoromi tu. Nasikia pia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kila nililolisema jioni ile lilinirudia moja moja, pazia, makoromo, ukoo, na kila moja nikaliona likipita kwenye zile mbao kama hazipo. Niliona aibu sana, na niliona huruma, na sijui kipi kilitangulia. Nikamnyooshea karatasi. Akaisukuma pembeni. Miwani, alisema, imeshafungwa.

"Sisomi. Sema."

Nikamweleza: barua imechanwa, cheo ni changu kweli, nyumba hatuhami, ukuta unabaki. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanipa hongera, vizuri kabisa, bila kejeli. Lakini viatu hakuvua.

"Hayo ya kazini," akasema. "Na ya humu ndani?"

Mimi ninaweza kumsema dereva tangu mashine inaanza kuzungusha mpaka inamaliza kukamua, bila kurudia neno. Lakini pale nikawa nahesabu mafundo ya ule mzigo. Nilimwona Mzee Kimya mbele ya meza yangu, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamwonea huruma.

"Kaa," nikasema. Yaliyofuata yalitoka kwa taabu. "Nataka ukae na sisi, mama."

Alinitazama mpaka nikaanza kunyoosha shuka lake ambalo tayari lilikuwa limenyooka. Halafu akavua kiatu kimoja, akakisukuma chini ya kitanda, akavua na cha pili.

"Haya, msimamizi," akasema. "Fungua basi huo mzigo. Miwani yangu iko chini kabisa."

Pazia tulilikata siku hiyo hiyo, yeye na mkasi, mimi nikishika, na alinisema mwanzo mpaka mwisho kwamba nashika kombo. Mifuko ya hospitali siku hizi yote ina tepe za maua ya zambarau, na hakuna uliopotea. Bado anakoroma, na ule ukuta hauzuii kitu. Lakini nikiwa na neno juu yake simgeukii tena mume wangu. Nakwenda mlangoni kwake, nabisha hodi, namwambia mwenyewe, na yeye ananijibu.